Makayabu katika Ghala la Mguu Mmoja

Tangu nirudi kutoka kaskazini mnaniuliza swali lile lile: ni kweli nilikula nyama iliyoning'inia porini tangu mwisho wa baridi? Nimelijibu kwenye simu, nimelijibu kwenye ngazi za metro, na mara moja nimelijibu nikiwa na mswaki mdomoni. Kila mmoja wenu sasa ana kipande chake cha habari, na vipande havifanani. Basi naandika yote mara moja, kwa kufuata njia tuliyopita. Habari za tiketi na kuomba likizo nimeziruka. Hazikunifurahisha hata mimi niliyezishughulikia.

Ndiyo, niliila. Ila nyama ni sehemu ndogo tu ya habari.

Hallunda

Wengi mnamjua Bahati. Kwa asiyemjua: tulisoma darasa moja sekondari, yeye akitokea Hallunda na mimi Bredäng, vitongoji viwili vya jiji letu hapa Uswidi, kisha akaenda kaskazini kufanya kazi ya uuguzi na akaolewa hukohuko. Mumewe, Ante, ni Msami, yaani wa wale wenyeji wa asili wa kule juu, na familia yake inafuga ren, wanyama wenye pembe kama kulungu ambao huku kwetu tunawaona kwenye kadi za Krismasi tu. Mwezi wa nane Bahati alijifungua mtoto wa kike.

Mama yake aliniita kwake siku ya Jumapili, akanipa chai, akangoja nimalize kikombe. Mama Bahati anatoka upande wa Bukavu, na kwao mwanamke akipata mtoto wa kwanza hurudi kwa mama yake alishwe mpaka nguvu zirudi. Bahati alikataa kurudi Hallunda. Alisema ana mama mkwe, ana chakula, hana shida. Lakini siku moja walipokuwa wakizungumza kwa video, Bahati alifungua friza nyuma yake kutafuta barafu, na mama yake akaona ndani. Ilikuwa nyeupe kama siku iliponunuliwa.

"Mi ntaenda kujionea," alisema. "Nikikuta hamuna chakula mu ile nyumba, narudi naye na mutoto wake. Baridi yote watakaa hapa kwangu."

"Na Ante?"

"Ante ni mutu muzima. Anajua kupika mayai."

Nilimuuliza kwa nini ananihitaji mimi, wakati Bahati mwenyewe anaweza kumtafsiria. Kiswidi cha Mama Bahati kinamtosha kazini, lakini kugombana na mkwe ni kitu kingine.

"Bahati atatafsiri ile anapenda," alisema. "Weye utatafsiri yote. Tena ulisoma mambo ya chakula. Utaniambia kama ni kitu ya kula ao hapana."

Na mimi nilikuwa na sababu yangu. Chuoni tulionyeshwa picha nzuri za maghala ya Wasami, nyama imetundikwa, milima nyuma, na ukumbi mzima ukaitikia kwa kichwa, kwa heshima. Niliponyoosha mkono kuuliza ni watu wangapi waliougua kwa kula chakula hicho, mwalimu alinitazama kana kwamba nimetukana. Tangu hapo nilitaka kumuuliza mtu anayekila.

Tuliondoka na sanduku la barafu lenye sombe, yaani kisamvu kilichopikwa, na mfuko wa mkononi wenye makayabu, yule samaki wa chumvi anayeuzwa kwenye duka la Wakongo. Alikuwa amefungwa kwa magazeti, kisha nailoni, kisha kitenge cha zamani. Haikusaidia. Kwenye metro, kabla hatujafika Bredäng, viti vilivyotuzunguka vilikuwa vitupu.

Treni iliyosimama msituni

Tuliamka treni ya usiku ikiwa imesimama katikati ya misonobari. Tangazo lilisema kundi la ren limeingia kwenye reli mbele yetu na mmoja amegongwa, na lazima wamngoje mwenye mnyama afike. Tulikaa hapo karibu asubuhi nzima. Mama Bahati kila mara alifungua sanduku la barafu, akabonyeza sombe kwa kidole, akafunga.

Katika chumba chetu kulikuwa na mstaafu mmoja aliyekuwa anarudi kwao baada ya kumtembelea mwanawe Vällingby. Alivuta hewa kwa pua, akaniuliza kama tuna samaki. Nilianza kuomba radhi, kwa yale maneno ya Kiswidi tunayoyajua sote kwa sababu tumeyatumia sana kwa majirani. Akanizuia kwa mkono.

"Nyumba ya bibi yangu ilinuka hivi kila baridi," alisema. Kisha akatoa chupa ya kahawa, akakatakata jibini kwa kisu cha mfukoni na kutumbukiza vipande ndani ya vikombe vyetu.

Mama Bahati alichungulia kikombe. "Ameangusha kitu mu kahawa."

"Ni makusudi, Mama. Ni jibini."

"Makusudi?" Alinywa kwa tahadhari, akatafuna. "Inalia mu meno." Baadaye alisogeza kikombe mbele aongezewe, naye mzee akaongeza bila kuuliza.

Nilikuwa nimeona kwamba hata akienda msalani alibeba ule mfuko wa makayabu. Mimi huuliza kila kitu. Mnanijua, na baadhi yenu mmenichoka kwa hilo. Nikamuuliza. Mzee alikuwa amesinzia kwenye kona yake, na Mama Bahati alijibu akiangalia nje.

"Wakati tulikimbia, nilikuwa na pipa. Ya plastiki, ya buluu. Niliweka unga wa muhogo, maharagi, makayabu, chumvi. Nikalizika nyuma ya jikoni, nikapanda viazi juu. Nilisema, tukirudi mu juma mbili, batoto balikule." Alikunja kingo za kitenge. "Hatukurudi. Nimelala mu kambi nikiona lile pipa. Mupaka leo naliona. Batu bengine ndo balikula, ao panya. Njo maana sitake chakula ikae mbali na mi. Chakula iko pale mutu iko."

Treni ikaanza kusogea taratibu, na mzee akaamka, akauliza kama tumefika.

Nyumba ya Bahati

Basi lililounganisha na treni lilikuwa limeshaondoka, tukangoja linalofuata kwenye kibanda chenye mashine ya chokoleti isiyofanya kazi. Ante alitupokea mwisho wa njia kwa gari lenye matope hadi madirishani. Ni kijana wa maneno machache. Alipokea sanduku la sombe, akanyoosha mkono kupokea na mfuko, akaona uso wa mama mkwe wake, akaurudisha mkono.

Bahati alikuwa mlangoni na mtoto. Mama Bahati alinawa, akampokea mjukuu, akamnusa shingoni, akamwita majina ya kwao moja baada ya jingine. Halafu akanikabidhi mtoto na kwenda kwenye friza kabla ya kuvua koti.

Ndani mlikuwa na mkate, pakiti ya njegere na matunda ya porini kwenye kopo la aiskrimu.

"Bahati. Unakula nini?"

"Mama, ni mwezi wa tisa. Hawajachinja bado, wanachinja wiki zinazokuja. Kila mwaka friza inakuwa hivi mwezi huu. Chakula kingine kiko juu."

"Juu wapi?"

Bahati akaonyesha dirishani. Ng'ambo ya ziwa kulikuwa na mlima wenye theluji kidogo kichwani, na chini yake miti ya manjano. Hakukuwa na nyumba.

Mama Bahati alinigeukia. "Amesema chakula iko mu mulima?"

"Ndivyo alivyosema."

Hakupaza sauti. Aliingia chumbani, akafungua droo ya nguo za mtoto, akakaa kitandani na kuanza kuzikunja, moja moja, akizipanga ndani ya begi lake. Bahati alisimama mlangoni machozi yakimlengalenga, akasema kwa Kiswidi, kama anavyofanya akikasirika, kwamba yeye si mtoto.

Wakati huo akaingia Elle, mama yake Ante, aliyetembea kutoka nyumba ya pili kuja kumsalimu mkwe. Ni mwanamke mfupi mwenye mikono mipana. Aliona mama mwenzake amekaa kitandani anakunja nguo za mtoto, na uso wake ukachangamka. Ilikuwa wazi alichofikiri: huyu amefika sasa hivi kutoka mbali na tayari anasaidia kazi. Akaketi kando yake na kuanza kukunja naye. Lakini kila Mama Bahati alichokiweka begini, Elle alikitoa kwa upole na kukirudisha kwenye droo, akidhani mgeni hajui mahali pake.

Waliendelea hivyo kwa muda, bega kwa bega. Sikutafsiri chochote. Bahati alianza kucheka huku analia.

Ilibidi Elle agundue mwenyewe. Alishika soksi ndogo, akatazama begi, akatazama droo, akaniuliza mimi: "Anataka kumpeleka wapi?"

Nikamwambia yote, kama nilivyoahidi. Friza, Hallunda, baridi nzima. Nilitegemea angekasirika. Aliweka soksi juu ya goti lake na kuilainisha.

"Angekuwa binti yangu ningefanya hivyo hivyo," alisema. "Mwambie kesho twende akaone kwanza. Akiona hapafai, mimi mwenyewe nitabeba begi."

Ng'ambo ya ziwa

Ante alituvusha kwa boti ya injini. Bahati alibaki na mtoto. Alitaka kuja, na mama yake na mama mkwe wake wakakataa kwa pamoja, kila mmoja kwa lugha yake. Mama Bahati alikaa katikati ya boti amekumbatia mfuko. Alikuwa amemwachia Bahati sombe, lakini makayabu alisema hajamalizana naye.

Kutoka ufukweni tulipanda njia ya mawe na matope. Nilitarajia kuona kitu kikubwa, kwa sababu ya zile picha za chuoni. Tulichokuta ni kijumba cha mbao, kidogo kama banda la kuku, kimesimama juu ya gogo moja refu lililomenywa gome. Mguu mmoja tu. Wanakiita *njalla*. Chini, mbali kidogo kwenye majani, lililazwa gogo lingine lililochongwa vidato. Ante alilisimamisha likawa ngazi.

"Kwa nini mnaitoa?" nikauliza.

"Tukiiacha, mnyama hapandi kwa shida. Anapanda kwa ngazi, kama sisi," alisema Elle. "Gogo lenyewe linateleza. Kwa hiyo ukimaliza unashusha ngazi, unailaza. Huo ndio ufunguo wetu."

Tulipanda mmoja mmoja. Ndani mlikuwa na giza na harufu ya moshi na mafuta. Mapaja na mbavu za ren zilikuwa zimetundikwa, nyeusi, ngumu kama ubao. Huzianika nje mwisho wa baridi, wakati jua limerudi lakini hewa bado ni ya barafu na hakuna nzi, kisha wanazileta hapa. Kulikuwa na mafuta kwenye makopo, samaki wa ziwani kwenye ndoo ya chumvi, kahawa, unga. Mama Bahati aliigusa kila paja kwa kiganja, kama anavyogusa vitambaa dukani.

Nikaanza maswali yangu. Kwa nini hapa, na siyo nyumbani?

"Mwezi wa tano tunapanda na wanyama, baridi ikija tunashuka nao," alisema Elle. "Njia inapita hapa mara zote mbili. Ukiacha chakula mbele yako, unatembea mikono mitupu."

"Lakini sasa mna magari. Mna umeme."

"Tunavyo. Friza yangu ina nguvu kuliko mimi." Alicheka. "Njalla nyingi zimeanguka. Hii bado tunaitunza kwa sababu umeme hukatika, na kwa sababu mimi ni mkaidi."

Niliamini zaidi ile sababu ya pili. Nikauliza lile swali la chuoni: kuna walioumwa? Hakunitazama kama mwalimu alivyonitazama. Alitupeleka hatua chache chini, kwenye chemchemi, akaonyesha shimo lililojengwa kwa mawe na kutandikwa magome ya miti. Zamani waliweka humo samaki na jibini, na barafu ya chini ilikaa hadi theluji mpya.

"Hili tumeliacha. Samaki waliharibika, na Ante aliumwa tumbo vibaya. Barafu haikai tena. Mama yangu hakuwa mjinga, ardhi ndiyo imebadilika."

Nilikuwa nimebeba kipimajoto. Nilikishusha kati ya mawe, tukasubiri, kikakubaliana naye. Nilikuwa nimejiandaa kwa mabishano na sikupata wa kubishana naye. Nawaambia ukweli, nilihisi kama mtu aliyevaa koti zito siku ya joto.

Mama Bahati alikuwa amekaa kwenye jiwe muda wote huo. Sasa akasema: "Muulize. Kama mutu anafukuzwa, anaacha hii yote. Hataogopa?"

Nilitafsiri. Elle alisema bibi yake hakuzaliwa huku. Walikuwa na malisho pwani, upande wa Norway, mpaka nchi mbili zilipokubaliana kuhusu mpaka na familia zao zikahamishwa bila kuulizwa. Ghala lao lilibaki kule, limejaa. Bibi alikuwa akilitaja hadi uzeeni, kilichokuwemo, kilitundikwa upande gani.

"Hatukulirudia," alisema. "Na walipofika hapa, kitu cha kwanza alichojenga babu ni hiki."

Niliposema hayo kwa Kiswahili, Mama Bahati aliinua macho akalitazama lile gogo moja lenye banda juu, akalitazama sana.

"Kumbe na beye," alisema. "Na bakajenga ingine."

Kisha akanigeukia mimi. "Alors. Weye unasema nini? Usiseme ya heshima. Sema ya shule."

Nikamwambia: nyama kavu ni salama, ningeila na ningempa Bahati. Shimo, hapana, na wenyewe wamesema hapana. Samaki wa ndoo, sijui. Ningetaka kumpima kwanza. Elle akaniuliza nimesema nini. Nilipomwambia, akasema hata yeye huwa anamchemsha sana siku hizi.

Ante akakata vipande vyembamba kwa kisu. Ndiyo hapo nilipokula. Ina ladha ya moshi na chuma kidogo, na inachukua muda mdomoni. Mama Bahati alitafuna, akachukua kipande cha pili, cha tatu. Halafu akafungua kitenge, nailoni, magazeti, akamwinua makayabu mmoja mzima kwa mkia.

Elle alimshika, akamnusa, akapiga kelele ndogo ya furaha na kumwita kwa jina lake la Kiswidi. "Torsk. Huyu anatoka kwa binamu zangu, Norway. Pwani kule kule kwa bibi."

"Anasema nini?"

"Anasema samaki huyu ametoka Norway, Mama."

"Mwambie hapana. Makayabu ni ya Congo."

Nilijaribu kueleza kwamba wote wawili wako sahihi, kwamba samaki huvuliwa na kutiwa chumvi Norway halafu husafirishwa hadi Afrika, na kwamba huyu bila shaka aliishia Hallunda baada ya kuzunguka sana. Hakuna aliyenisikiliza. Walikuwa wakivutana samaki yule huku na huku, Elle akimwonyesha mgongo ulivyopasuliwa, Mama Bahati akionyesha kwa mikono jinsi anavyolowekwa na kupikwa kwa nyanya na mafuta ya mawese.

Mwishowe Mama Bahati alipanda ile ngazi mwenyewe, akikataa kushikwa. Tulimsikia akitembea juu ya mbao. Aliposhuka mikono ilikuwa mitupu. Akamsaidia Ante kulaza ngazi kwenye majani.

Kule nyumbani hakuna aliyezungumzia begi. Asubuhi niliona nguo za mtoto ziko kwenye droo, zimekunjwa kwa mitindo miwili tofauti.

Kurudi

Treni ya kurudi ilikwenda bila kusimama msituni. Mfuko wa mkononi ulikuwa umejaa tena: Elle alikuwa ametuwekea mbavu mbili za nyama kavu, zimefungwa kwa kile kile kitenge.

Nilikuwa na shaka zangu bado, nanyi mnazijua. Samaki mmoja juu ya gogo, mlimani, mbali na duka na barabara. Huenda ngazi isilazwe vizuri. Huenda baridi ijayo isiwe baridi ya kutosha. Mama Bahati ana miguu inayovimba na kazi isiyotoa likizo kirahisi. Nikamwambia hayo yote, kisha nikauliza: "Na usiporudi, Mama?"

Alinitazama kama mtu anayejiuliza kama nilikuwa naye safarini.

"Nitakosaje kurudi? Niliacha chakula."

Akainuka, akanyoosha mgongo, akaniuliza kama nataka chai. Akaenda zake kwenye behewa la mgahawa, mabehewa matatu mbele, na mfuko akauacha kwenye kiti.